Ghorofa 60 fupi kuliko ghorofa 52: namna ya kusoma orodha ya majengo marefu ya Tulsa

Tulsa, jimboni Oklahoma, kuna jengo lenye ghorofa 60 ambalo ni fupi kuliko jengo lenye ghorofa 52. Mji huohuo una jengo la ghorofa 22 linalolipita kwa kimo jengo la ghorofa 32. Msomaji akikutana na takwimu hizi kwa mara ya kwanza hudhani mwandishi amekosea kunakili. Hajakosea. Kinachochanganya ni kwamba neno "refu" lina vipimo kadhaa, na kila orodha huchagua kimoja bila kukutangazia.

Tulsa ni mji wa ukubwa wa kati kwa viwango vya Marekani; sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya 410,000. New York au Chicago majengo ni mengi mno hata mtu akapotea ndani ya majina. Hapa majengo tisa yanatosha kuonyesha karibu kila tatizo la upimaji. Haya hapa kwa kimo, kutoka ardhini hadi kilele cha usanifu (ncha ya juu iliyobuniwa kama sehemu ya jengo, bila antena):

BOK Tower: mita 203 (futi 667), ghorofa 52, mwaka 1976
Cityplex, mnara wa kati: mita 198 (futi 648), ghorofa 60, ulifunguliwa 1981
First Place Tower: mita 157 (futi 516), ghorofa 41, mwaka 1973
Mid-Continent Tower: mita 156 (futi 513), ghorofa 36, mwaka 1984
Bank of America Center: mita 126 (futi 412), ghorofa 32, mwaka 1967
320 South Boston: mita 122 (futi 400), ghorofa 22, mwishoni mwa miaka ya 1920
110 West 7th: mita 118 (futi 388), ghorofa 28, mwaka 1971
University Club Tower: mita 115 (futi 377), ghorofa 32, mwaka 1966
Philtower: mita 105 (futi 343), ghorofa 24, mwaka 1928

Sasa yapange upya kwa idadi ya ghorofa. Cityplex inapanda hadi nafasi ya kwanza, University Club Tower inatoka ya nane na kulingana na Bank of America Center katika ya tano, na 320 South Boston inaporomoka kutoka ya sita hadi ya mwisho kabisa. Majengo ni yaleyale.

Ghorofa si kipimo

Gawanya kimo cha jengo kwa idadi ya ghorofa zake. BOK Tower inatoa wastani wa mita 3.9 kwa ghorofa. Cityplex inatoa mita 3.3. University Club Tower, ambalo ni jengo la makazi lenye umbo la duara, linatoa 3.6. 320 South Boston linatoa mita 5.5. Devon Energy Center ya Oklahoma City, iliyokamilika mwaka 2012 ikiwa na ghorofa 50 na mita 257, inapita mita 5.

Tofauti hii ina sababu zinazoshikika. Ghorofa ya ofisi haiishii kwenye dari unayoiona ukiwa umekaa mezani. Juu ya dari hiyo kuna nafasi iliyofichwa inayopitisha njia za hewa baridi, nyaya, mabomba ya kuzimia moto na taa, na juu yake tena kuna boriti na bamba la zege la ghorofa inayofuata. Nyumba ya kuishi haihitaji njia kubwa hivyo za hewa, na kuta za vyumba huruhusu nguzo zikaribiane, kwa hiyo bamba linaweza kuwa jembamba bila boriti ndefu. Ndiyo maana nyumba za makazi hubana ghorofa nyingi ndani ya kimo kidogo.

Kwa 320 South Boston sababu ni nyingine. Jengo hilo lilikuwa la benki, na benki za zama zile zilipenda ukumbi wenye dari la juu sana mahali wateja wanapoingia. Kisha juu kabisa likawekewa mnara wa mapambo unaopungua upana kadiri unavyopanda. Mnara huo unaongeza mita nyingi lakini ghorofa chache za kutumika. Ukigawanya kimo chote kwa 22, wastani unavimba ingawa ghorofa za ofisi za katikati hazina dari la mita tano.

Kuna kanuni ya kukadiria kimo ambayo baraza la kimataifa la majengo marefu, Council on Tall Buildings and Urban Habitat (CTBUH) la Chicago, liliitoa kwa majengo ambayo kimo chake halisi hakijapatikana. Kwa jengo la ofisi: zidisha idadi ya ghorofa kwa 3.9, jumlisha 11.7 kwa ajili ya ukumbi wa chini na mitambo ya paani, kisha gawanya idadi ya ghorofa kwa 20, zidisha jibu kwa 3.9 na ulijumlishe pia, kwa sababu jengo refu huhitaji ghorofa ya mitambo kila baada ya ghorofa 20 hivi. Kwa makazi na hoteli: ghorofa mara 3.1, ongeza 7.75, kisha ghorofa gawa kwa 30 mara 1.55.

Ijaribu Tulsa uone inapovunjika. Mid-Continent Tower: 140.4 na 11.7 na 7.0, jumla mita 159. Kimo halisi ni 156. Kanuni imekaribia sana. BOK Tower: kanuni inasema 225, ukweli ni 203. University Club Tower kwa kanuni ya makazi: 109 dhidi ya 115. 320 South Boston: 102 dhidi ya 122. Cityplex ndiyo inayoiumbua kanuni: mita 257 kwa hesabu, 198 kwa ukweli. Ni pengo la karibu mita 60, karibu nusu ya Bank of America Center nzima. Kwa hiyo ukikuta ukurasa unaotoa kimo cha jengo bila kusema kimepimwa au kimekadiriwa, rudia hesabu hii kwa kikokotoo. Kama jibu linalingana na takwimu yao hadi desimali, hawakupima. Wamehesabu madirisha tu.

Mtego mwingine unamhusu hasa msomaji wa Kiswahili. Kwetu ghorofa ya kwanza ni ile unayoifikia baada ya kupanda ngazi, na ya ardhini huitwa chini. Mmarekani huhesabu ile ya ardhini kuwa ya kwanza. Jengo lenye "ghorofa 24" kwa hesabu yao lina 23 juu ya ile ya chini kwa hesabu yetu. Ongeza desturi ya Marekani ya majengo mengi kuruka namba 13 kwenye vitufe vya lifti, na uone kwamba namba ya juu kabisa ndani ya lifti si ushahidi wa idadi ya ghorofa.

Kimo kinaanzia wapi, kinaishia wapi

Kwa utaratibu wa CTBUH, kipimo huanzia kwenye mlango wa waenda kwa miguu ulio chini kuliko yote, mradi uwe mlango wa maana unaofunguka kwenye hewa ya nje. Mlango wa kuingilia gereji ya chini ya ardhi hauhesabiki. Kwenye kiwanja cha mteremko jambo hili huamua mita kadhaa: jengo lenye mlango mkuu mtaa wa juu na mlango mwingine wa maana mtaa wa chini hupimwa kutoka ule wa chini. Mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari hauingii kabisa, kwa hiyo jengo lililo juu ya kilima halipati zawadi yoyote.

Upande wa juu ndiko kwenye ugomvi. Ncha iliyobuniwa kama sehemu ya jengo huhesabiwa. Antena, mlingoti wa bendera na mabango havihesabiwi, kwa hoja kwamba vifaa hivyo hubadilishwa kila teknolojia inapobadilika. Kwa sababu hiyo minara ya Petronas ya Kuala Lumpur, yenye mita 452 kwa ncha zake, ilitangazwa mwaka 1996 kuwa mirefu kuliko Sears Tower ya Chicago, ambayo paa lake liko mita 442 na ambayo antena zake zilipanda juu zaidi ya ncha zile. Watu wa Chicago walilalamika sana, na baraza likaanza kutangaza vipimo tofauti: kilele cha usanifu, ghorofa ya juu inayokaliwa, paa, na ncha ya chochote kilicho juu.

Tulsa kanuni hii inaigusa zaidi 320 South Boston, kwa kuwa mnara wake wa mapambo unahesabiwa wote. Ukipanga kwa ghorofa ya juu inayokaliwa badala ya kilele, jengo hilo linashuka. BOK Tower lina paa bapa lisilo na taji, na hapo kilele cha usanifu na paa ni kitu kimoja. Namba yake ndiyo safi kuliko zote kwenye orodha.

Mamlaka nyingine zina vipimo vyao, na hazijali kilele cha usanifu. Idara ya usafiri wa anga ya Marekani (FAA) hutaka taarifa ya kila kitu kitakachopita futi 200, yaani mita 61, angalau siku 45 kabla ya ujenzi. Humo antena imo, na kreni ya mkandarasi imo pia, hata kama itasimama miezi sita tu. Rubani hagongi usanifu, anagonga chuma. Zimamoto nao wanaangalia sakafu. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani huliita jengo "refu" pale ghorofa yoyote inayokaliwa inapokuwa zaidi ya futi 75, karibu mita 23, juu ya sehemu ya chini kabisa ambapo gari la zimamoto linaweza kusimama. Zaidi ya hapo ngazi za kawaida za magari hayo hazitegemewi kufika dirishani, na jengo lazima lijiokoe lenyewe kwa vinyunyizio, ngazi zilizokingwa moshi na maji yanayosukumwa kwa pampu.

Kanuni hizohizo zina mstari mwingine kwenye futi 420, sawa na mita 128. Jengo jipya lisilo la makazi wala hoteli likipita hapo hutakiwa kuwa na ngazi moja ya ziada ya kutokea, au lifti zilizojengwa mahususi kwa kuhamisha watu wakati wa dharura. Majengo manne tu ya Tulsa yako juu ya mstari huo. Bank of America Center, kwa futi 412, lingekosa kuingia kwa futi nane. Majengo hayo yalijengwa kabla ya sharti hilo, kwa hiyo haliyafungi, lakini ukikuta jengo jipya linaloishia chini kidogo ya kimo hicho, tazama kanuni kabla ya kutazama ladha ya msanifu. Ngazi ya ziada hula nafasi ya kupangisha kwenye kila ghorofa kutoka juu hadi chini.

Mid-Continent Tower lina umri gani?

Hili ndilo jengo linalopendeza kuchambuliwa kuliko yote mjini, na linastahili nafasi zaidi kuliko namba yake ya nne.

Mwaka 1918 tajiri wa mafuta Josh Cosden alimaliza jengo la ghorofa 16 lililovishwa vigae vya udongo wa kuchoma. Mwaka 1984 likakamilika jengo jipya lenye ghorofa nyingine 20 juu yake, kwa mtindo uleule na vigae vya aina ileile, hivi kwamba mtu asiyeambiwa hudhani ni kazi ya mkono mmoja. Ukweli ni kwamba ghorofa mpya hazijakaa juu ya zile za zamani. Zimeshikwa na nguzo na msingi wake zenyewe pembeni, kisha zimetokeza kama rafu kwa kiasi cha futi 40, mita 12 hivi, juu ya paa la jengo la Cosden bila kulilemea.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu nguzo na msingi wa mwaka 1918 vilipimwa kubeba ghorofa 16. Kuongeza 20 juu yake ni kuzidisha mzigo zaidi ya mara mbili, na uzito si tatizo pekee: upepo unaosukuma jengo la mita 156 hujaribu kulipindua, na nguvu hiyo huishia kwenye msingi. Kuimarisha nguzo za zamani kungemaanisha kubomoa ndani ya ghorofa zote 16. Kuleta nguzo mpya kutoka nje kuliacha jengo la zamani zima. Gharama yake ni kwamba sehemu iliyotokeza hewani hutaka kuinama, kwa hiyo fremu ya chuma nyuma yake lazima iwe nzito kuivuta.

Orodha nyingi huandika "1984" na kuacha. Nyingine huandika "1918". Zote mbili zinapoteza kitu: ya kwanza inafuta jengo la Cosden, ya pili inalipatia jengo la 1918 mita ambazo halikuwa nazo. Namna ya haki ni kuandika miaka yote miwili pamoja na ghorofa za kila awamu. 320 South Boston ni hivyohivyo. Lilianza na ghorofa 10 mwaka 1917 na likafikishwa 22 baada ya kama muongo mmoja.

Jengo la Cosden lilikuwa na miaka mitatu tu pale Greenwood, mtaa wa biashara wa Wamarekani weusi kaskazini mwa reli, ulipochomwa moto tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Vitalu vya majengo vipatavyo 35 viliteketea, matembezi mafupi kutoka lilipo jengo hilo. Orodha ya majengo marefu hueleza fedha zilipopanda juu. Haielezi zilipozuiwa zisijenge tena, na anayeitumia kusimulia historia ya Tulsa lazima alijue pengo hilo.

Majina yanayohama

Majengo ya Marekani huvaa jina la mpangaji mkubwa, naye akiondoka jina huondoka. BOK Tower liliitwa One Williams Center. BOK ni kifupi cha Bank of Oklahoma. Bank of America Center lilikuwa Fourth National Bank. 320 South Boston, ambalo sasa linaitwa kwa anwani yake, lilikuwa Exchange National Bank kisha National Bank of Tulsa. Cityplex ilijengwa na mhubiri Oral Roberts kwa jina City of Faith: minara mitatu ya ghorofa 60, 30 na 20, kwa ajili ya kliniki, hospitali na utafiti. Hospitali ilifungwa mwaka 1989 na minara ikageuzwa ofisi za kupangisha.

Makosa yanayotokana na hili ni ya kawaida sana. Jengo moja huingia mara mbili kwa majina mawili. Au BOK Tower huchanganywa na BOK Center, ambao ni ukumbi wa michezo na matamasha uliofunguliwa mwaka 2008 mitaa michache tu kutoka hapo. Dawa ni kutafuta kwa anwani: jina hubadilika, namba ya mtaa hubaki. Uangalie pia tarehe ya chanzo. Hifadhidata ya Emporis, iliyotegemewa na waandishi kwa miaka mingi, ilifungwa Septemba 2022, na takwimu zake bado zinanakiliwa bila mtu wa kuzisahihisha.

Ukitaka kupima mwenyewe

Njia ya pembe inafaa kukagua, haifai kuamua ushindi. Simama mahali tambarare, pima umbali wako hadi chini ya kilele (si hadi uzio wala ngazi za mbele), soma pembe ya kilele kwa klinomita (kifaa cha kupimia pembe ya mwinuko) au programu ya simu, zidisha umbali kwa tanjenti ya pembe, kisha ongeza kimo cha jicho lako. Kwa BOK Tower kutoka mita 300 utasoma karibu nyuzi 34. Ukikosea kwa nyuzi moja tu, jibu linaruka kwa karibu mita 8. Tofauti kati ya BOK Tower na Cityplex ni futi 19, yaani mita 5.8, na kati ya First Place na Mid-Continent ni futi 3, haifiki mita moja. Kivuli nacho hakisaidii zaidi: jua si nukta, na ukingo wa kivuli cha jengo la mita 200 hufifia polepole katika eneo la mita kadhaa.

Macho matupu ndiyo yanayodanganya zaidi. BOK Tower imekaa kwenye mhimili wa Boston Avenue na kuuziba upande wa kaskazini, na majengo mengine kadhaa ya orodha yamejipanga kando ya barabara hiyohiyo. Ukipiga picha kutoka kusini, Mid-Continent lililo karibu nawe hulizidi BOK Tower la mbali. Cityplex yenyewe iko karibu na mtaa wa 81, zaidi ya kilomita 10 kusini mwa katikati ya mji, mahali ambapo hakuna kingine kirefu cha kulinganishwa nayo. Picha inayowaweka wawili hao bega kwa bega haipo, ndiyo sababu ni rahisi kubishana lipi ni refu.

Kwa nini orodha imeganda

Nafasi ya kwanza Tulsa ilishikwa na 320 South Boston kwa karibu miaka 40, ikachukuliwa na Fourth National mwaka 1967, First Place mwaka 1973, kisha BOK Tower mwaka 1976, kazi ya Minoru Yamasaki, msanifu yuleyule wa minara ya World Trade Center ya New York; madirisha yake membamba yaliyosimama wima yanamtambulisha mara moja. Mabadiliko matatu ndani ya miaka kumi, halafu kimya mpaka leo.

Kilichokatisha ni mafuta. Mji ulikua baada ya kisima cha Glenn Pool cha mwaka 1905, na majengo mengi ya katikati ya mji yalijengwa kwa fedha za mafuta. Julai 1982 benki ya Penn Square ya Oklahoma City ilianguka kwa mikopo mibovu ya nishati, mwaka 1986 bei ya mafuta ikaporomoka, na ofisi nyingi zikahamia Houston. Mid-Continent, lililokamilika 1984, liliwahi kwenye mlango unaofungwa.

Jimboni, Devon Energy Center iliipokonya BOK Tower nafasi ya kwanza. Sasa Oklahoma City kuna pendekezo la Legends Tower, futi 1,907, namba iliyochaguliwa kwa kuwa Oklahoma ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1907. Juni 2024 baraza la mji huo liliondoa kikomo cha kimo kwenye kiwanja chake. Baadhi ya kurasa zimeshaliweka juu kabisa. Lakini kwa CTBUH jengo halikamiliki mpaka fremu ifike juu, kuta za nje zifungwe zote, na angalau sehemu yake iweze kutumika. Kwa kipimo hicho Oklahoma ina Devon kwanza, BOK Tower pili, na mnara wa kati wa Cityplex, ule wa mhubiri, tatu.